Siku Sitini Kabla ya Nyundo: Historia ya Rehani ya Nyumba Tanzania

Fungua kurasa za matangazo za gazeti lolote la Dar es Salaam na huenda ukakutana na mnada wa nyumba. Maneno yake hayabadiliki sana. Dalali fulani, kwa idhini ya benki fulani, atauza kwa mnada wa hadhara nyumba iliyopo kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kuanzia saa nne asubuhi. Masharti hufuata kwa herufi ndogo: mshindi atalipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14, akishindwa, alichotanguliza kimepotea na nyumba itanadiwa upya. Anayetaka kuikagua nyumba mapema anaruhusiwa, kwa gharama zake mwenyewe.

Majirani wa mkopaji hulisoma tangazo hilo kama habari ya aibu. Wakili wake hulisoma akihesabu siku. Sheria ya Madalali, Sura ya 227, inakataza kunadi ardhi kabla ya kupita walau siku 14 tangu umma utangaziwe. Inataka tangazo litolewe katika mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe pa mnada, liwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na mbali na maandishi itumike pia njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Kwa hiyo usishangae kuona gari lenye spika likizunguka mtaa mzima likitaja nyumba ya fulani.

Kabla ya siku hizo 14 zipo nyingine 60 za notisi ya benki. Siku hizi hazikuanguka kutoka mbinguni. Zimetokana na mabishano ya karne kadhaa juu ya maswali mawili: mtu akishindwa kulipa siku aliyoahidi, asubiriwe muda gani? Na nyumba ikienda, thamani iliyozidi deni ni ya nani?

Mzizi wa Kiingereza

Sheria ya rehani ya Tanzania Bara, kama zilivyo sheria nyingi za mali, ilizaliwa Uingereza. Huko zamani mkopaji alimhamishia mkopeshaji umiliki wa ardhi yake kabisa, kwa sharti moja: akilipa siku iliyotajwa, atarudishiwa. Akichelewa hata siku moja, ardhi imekwenda. Haikujalisha kwamba alikopa paundi 300 kwa shamba la paundi 1,000, wala kwamba alikwamishwa njiani na mafuriko.

Katika karne ya 17 mahakama ya Chansela jijini London, iliyokuwa ikisikiliza malalamiko ya watu walioumizwa na ukali wa sheria, ilianza kuutazama mkataba huo kwa namna nyingine. Ilisema ardhi iliwekwa iwe dhamana tu, basi anayekuja na fedha yote, riba na gharama, hata kama siku imepita, arudishiwe mali yake. Hiyo ndiyo haki ya kukomboa, na mpaka leo ndiyo moyo wa sheria ya rehani kila mahali ilikofika sheria ya Kiingereza.

Mkopeshaji naye akalalamika, na alikuwa na hoja. Ikiwa mdaiwa anaweza kutokea wakati wowote na mfuko wa fedha, ardhi itakuwa yake lini? Mahakama ikampa dawa: aombe amri ya kumpangia mdaiwa siku ya mwisho, na siku hiyo ikipita haki ya kukomboa ifungwe moja kwa moja. Dawa ilikuwa chungu, kwa sababu mkopeshaji aliondoka na ardhi nzima pamoja na thamani yote iliyozidi deni. Likaibuka wazo la tatu, la kuuza. Mkopeshaji auze, achukue kinachomhusu, arudishe kinachobaki. Kufikia mwaka 1881 sheria ya Uingereza ilikuwa imeiingiza nguvu ya kuuza ndani ya kila hati ya rehani, isipokuwa pale wahusika walipokubaliana vinginevyo.

Viraka hivi juu ya viraka viliifanya rehani iwe kitendawili. Mwaka 1904 jaji mmoja wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, Lord Macnaghten, alikiri hukumuni kwamba hakuna mtu anayeweza kuielewa rehani ya ardhi ya Kiingereza kwa akili ya kawaida tu. Miaka 19 baadaye kitendawili hicho kilipakiwa kizima kizima na kuletwa Tanganyika.

Bei khiyari visiwani

Unguja na Pemba walikuwa na kitendawili chao. Katika karne ya 19 uchumi wa visiwa uliegemea karafuu, na karafuu ni zao la kigeugeu: mwaka huu inazaa mpaka wachumaji hawatoshi, mwaka ujao matawi matupu. Wenye mashamba, wengi wao Waarabu, walihitaji fedha ya kuvuka kutoka msimu hadi msimu. Wenye fedha walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi. Kati yao ulisimama ukuta wa dini, kwa kuwa riba ni haramu katika Uislamu.

Njia iliyotumika iliitwa bei khiyari. Mwenye shamba "alimuuzia" mkopeshaji shamba lake, akibaki na hiari ya kulinunua tena ndani ya muda waliokubaliana. Hakuhama. Alikaa palepale kama mpangaji, akalipa kodi, na kodi hiyo ndiyo iliyofanya kazi ya riba. Siku ikifika hana kitu, mauzo yanasimama. Kwenye karatasi hapakuwa na mkopo wala riba. Palikuwa na muuzaji, mnunuzi na mpangaji.

Mambo yalienda hivyo kwa vizazi, huku madeni yakilimbikizwa juu ya madeni. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1897 utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria, na wenye mashamba wakaanza kulipia kazi ambayo awali hawakuilipia. Mdororo wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930 ulipoangusha bei ya karafuu, mashamba mengi yalikuwa tayari yamefungwa na deni.

Mwaka 1934 serikali ya ulinzi ya Kiingereza ilitunga amri zilizozuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika kuhamia kwa mtu asiye wa makundi hayo bila idhini. Nguvu ya mkopeshaji kulichukua shamba ikakatwa. Wahindi wa Zanzibar waliona wamelengwa wao, na serikali ya India ikamtuma ofisa wake, K. P. S. Menon, kuchunguza. Mwaka 1937 ilipoongezwa sheria iliyokipa chama cha wakulima wa karafuu udhibiti wa biashara ya zao hilo, chama cha Congress kule India kiliitisha mgomo wa kutonunua karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa, na mgomo uliuma. Mwaka 1938 yakafikiwa maelewano, pamoja na utaratibu wa serikali kusimamia umalizaji wa madeni ya mashamba.

Tangu amri zile za 1934 jambo moja lilikuwa wazi: mkopeshaji aliyenyang'anywa dhamana hufunga mfuko. Mwenye shamba alibaki na shamba lake, lakini msimu uliofuata hakuwa na wa kumkopesha. Kila sheria ya rehani iliyotungwa baadaye katika eneo hili imekuwa ikihangaika na mizani hiyohiyo.

Sheria iliyogandishwa

Tanganyika chini ya Waingereza ilipata mwaka 1923 sheria tatu ambazo kwa pamoja ziliamua nani angeweza kukopa. Ya kwanza, Sheria ya Ardhi, iliifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana, isipokuwa iliyokwisha kumilikiwa kihalali, kama yale mashamba ya hati za Kijerumani. Ya pili ilizuia mikopo kwa wenyeji: deni la Mwafrika kwa asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani bila kibali cha ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni kinga dhidi ya walanguzi. Matokeo yake, Mwafrika alikingwa na mnada na papo hapo akafungiwa mlango wa mtaji.

Ya tatu ndiyo iliyohusu rehani. Ilisema kwamba katika mambo ya mali na hati, Tanganyika itafuata sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1922. Miaka mitatu baada ya tarehe hiyo, Uingereza wenyewe walizifumua sheria zao za ardhi na kuzisuka upya. Tanganyika ikabaki na zile kuukuu. Ukapita uhuru, ukapita Muungano, likapita Azimio la Arusha, na wakili wa Dar es Salaam aliyekuwa akiandika hati ya rehani aliendelea kurejea sheria ambazo wenye nazo walishazitupa.

Kilichobadilika ni ardhi yenyewe. Mwaka 1963 serikali ya Mwalimu Nyerere ilifuta umiliki wa ardhi wa kudumu na kuugeuza kuwa upangaji kutoka kwa serikali, nao mwaka 1969 ukageuzwa tena kuwa hakimiliki ya muda maalumu. Msimamo ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei; bei ni ya jasho lililomwagwa juu yake, yaani nyumba, mazao, kisima. Mkopeshaji akawa anapima kuta na bati, akijua pia kwamba uhamisho wowote unahitaji kibali cha serikali.

Benki zilitaifishwa mwaka 1967. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa. Mkopo wa nyumba ukawa kazi ya dola, na mwaka 1973 Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi kwa lengo la kumwezesha mfanyakazi wa kawaida kujenga. Lakini benki ya umma inayopaswa kumnadi mwananchi katika nchi inayojenga ujamaa iko katika mtihani mgumu. Mikopo mingi haikurejeshwa, na mwaka 1995 benki hiyo ilifungwa. Kwa miaka kadhaa iliyofuata, Mtanzania aliyetaka nyumba alijenga kwa namna ambayo wengi tunajenga hadi sasa: tofali mwaka huu, bati mwaka ujao, na kuhamia kabla madirisha hayajatiwa vioo.

Sheria mpya na mvutano wa zamani

Sekta ya benki ilifunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1991. Mwaka huohuo Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Sera ya Taifa ya Ardhi ilifuata mwaka 1995, kisha Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ile sheria iliyogandishwa mwaka 1922 ikazikwa.

Sheria mpya ilisema bayana jambo ambalo Waingereza walilizunguka kwa karne tatu: rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Benki inayoshikilia hati yako haimiliki nyumba yako. Sheria ikampa pia mwenza wa ndoa sauti. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa tayari imekataza mume au mke kuiondoa nyumba ya familia mikononi mwao bila ridhaa ya mwenzake. Sasa rehani juu ya nyumba hiyo ilikuwa haifai kitu bila saini au ridhaa ya mwenza. Mahakama nazo zilipewa uwezo mpana wa kuifungua upya mikataba iliyoonekana kandamizi.

Mabenki yalilalama kwamba mizani imelalia kwa mkopaji, na kwamba kila mnada ungeishia mahakamani. Historia ya Zanzibar ya 1934 ingeweza kutabiri kilichofuata. Mwaka 2004 Bunge lilirekebisha sehemu ya rehani, na mwaka 2008 likatunga Sheria ya Mikopo ya Nyumba, iliyoandika upya vifungu kadhaa. Kuhusu mwenza, benki ilitakiwa kuchukua hatua za maana kujua kama mwombaji ana mke au mume, lakini ikiwa mwombaji mwenyewe atatoa kiapo au tamko lililoshuhudiwa kuhusu hali yake, benki itahesabiwa imetimiza wajibu. Hapo ndipo kesi nyingi zinapozaliwa: mke anapata habari za mkopo siku anapoona dalali mlangoni, na faili la benki lina kiapo kwamba mumewe hajaoa, au lina saini ya mwanamke mwingine.

Mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba, TMRC, na mkopo wa miaka 15 au 20, uliokuwa ndoto miaka ya tisini, ukaanza kupatikana kwa walio na mishahara na hati.

Kutoka barua hadi nyundo

Kwa sheria ilivyo sasa, safari huanza na notisi ya maandishi. Benki lazima imweleze mkopaji amekosea nini na kwa kiasi gani, afanye nini kurekebisha, na kwamba zikipita siku 60 tangu aipokee, deni lote litaiva na nyumba inaweza kuuzwa. Neno "lote" lina uzito wake. Aliyechelewesha marejesho ya miezi minne anadaiwa miezi minne leo. Siku ya 61 anaweza kudaiwa miaka yote iliyobaki.

Siku hizo zikiisha, benki ina njia kadhaa. Inaweza kuteua meneja wa kukusanya kodi za nyumba, kuipangisha, kuishika, au kuiuza. Kuuza hakuhitaji amri ya mahakama, na hilo huwashangaza wengi wanaosubiri kuitwa kizimbani. Benki ikichagua mnada, dalali anatangaza, siku 14 zinahesabiwa, nyundo inagonga.

Swali la pili la kale, lile la thamani inayozidi, nalo limejibiwa. Muuzaji ana wajibu wa kutafuta bei bora kadiri inavyowezekana wakati huo. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Tuchukue mfano. Nyumba kama hiyo mtaani huuzwa milioni 120, deni limefika milioni 70, gharama za mnada milioni 5. Ikiuzwa kwa milioni 110, zitatolewa 75 na milioni 35 ni za mkopaji. Ikinadiwa kwa milioni 80, imeshuka kwa theluthi nzima, na mkopaji ana hoja ya kupeleka mahakamani. Wengi hawaidai hiyo milioni 35 kwa sababu hawajui kama ni yao.

Kenya, iliyoandika upya sheria zake mwaka 2012, imempa mkopaji nafasi ndefu zaidi. Huko notisi ya kwanza hutolewa baada ya mwezi mmoja wa kutolipa, na humpa si chini ya miezi mitatu. Hufuata notisi ya siku 40 ya kusudio la kuuza, ambayo mwenza naye lazima apelekewe, kisha dalali hutoa siku zake 45 za kukomboa. Mthamini lazima aipime nyumba kabla ya kuuzwa. Ukipigia hesabu, mkopaji wa Nairobi ana zaidi ya nusu mwaka pale mwenzake wa Dar es Salaam ana takriban miezi miwili na nusu.

Kukimbilia mahakamani

Mkopaji anayetaka mnada usimame huomba zuio la muda. Tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, mahakama za Tanzania hupima mambo matatu: kama kuna hoja nzito ya kusikilizwa yenye dalili ya kushinda, kama mwombaji atapata hasara isiyofidika, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa. Kusema "nina watoto na sina pa kwenda" hakutoshi. Kuonyesha kwamba notisi haikukufikia, au hesabu ya riba ina kasoro, au mke hakuridhia, hapo kuna cha kujadili.

Wakati wenyewe wa kwenda nao una maana. Sheria inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Yeye hatakiwi kuchunguza kama benki ilifuata kila hatua. Nyundo ikishagonga, mara nyingi anayelalamika hubaki na madai ya fidia dhidi ya benki, huku mtu mwingine akibadilisha vitasa. Haki ya kukomboa huishi hadi mauzo yanapofungwa, na anayeitumia vizuri huianza siku ya kwanza ya zile 60: anaomba taarifa kamili ya deni, anaandika barua ya kuomba kupangiwa upya marejesho, au anatafuta mnunuzi mwenyewe kwa ridhaa ya benki. Nyumba inayouzwa na mwenyewe bila dalali mlangoni hupata bei nzuri kuliko inayouzwa na nyundo.

Walio nje ya uzio

Yote haya yanawahusu wachache. Mikopo ya nyumba yote nchini, ukiilinganisha na pato la taifa, haifiki asilimia moja. Nyumba nyingi za mijini zimesimama kwenye viwanja visivyopimwa, na kilichopo mkononi mwa mwenye nyumba ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, au leseni ya makazi. Kwa karatasi hiyo benki nyingi zitamwambia arudi akiwa na hati.

Anayemkopesha ni mtu wa mtaani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewataka wakopeshaji hao wawe na leseni, lakini wapo wanaoendelea na mtindo wa kumtaka mkopaji asaini mkataba wa kuwauzia nyumba yake, tarehe ikiachwa wazi, kwa makubaliano ya mdomo kwamba akilipa karatasi itachanwa. Akishindwa, hakuna notisi ya siku 60, hakuna dalali, hakuna bei ya soko wala salio la kurudishiwa; kuna mnunuzi mwenye mkataba halali machoni pa majirani. Hiyo ni bei khiyari bila khiyari. Siku 60 na asilimia 25 zimepatikana kwa gharama kubwa ya historia, na anayeingia kwenye mkopo kwa mlango wa mauziano huzisaini zote ziende kabla hajapokea hata shilingi.